Siku ya kwanza ya mwajiriwa mpya katika kiwanda kidogo: tuanzie wapi?

Mwanzisha mada

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninasimamia masuala ya wafanyakazi katika kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti mkoani Singida, chenye watu 34 wakati wa msimu. Jumatatu ijayo tunapokea waajiriwa watatu: vijana wawili wa kwenye mashine na binti mmoja atakayeshika kumbukumbu za stoo. Msimu uliopita kijana mmoja aliondoka siku ya nne bila kuaga, na nilipompigia simu alinijibu kwa upole kwamba tangu afike hakuna aliyemwambia kazi yake ni ipi, na kwamba siku ya kwanza alishinda akihamisha magunia ya mashudu kwa kuwa ndiye pekee aliyeonekana hana shughuli. Maneno hayo yameniuma, kwa sababu siku ile mimi nilikuwa benki tangu asubuhi na sikumwachia mtu maagizo yoyote.

Hatuna idara ya utumishi wala fungu la semina. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: saa chache za kwanza za siku hiyo zitumike vipi?

Afisa utumishi mstaafu

Ndugu yangu, hongera kwa kumpigia simu kijana yule, maana wengi huwa tunaandika tu kwamba "ametoroka kazini" na kufunga jalada.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba makaratasi yasiile siku ya kwanza. Wapigie wote watatu leo au kesho, uwaambie waje na kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi, namba ya uanachama wa NSSF kama wanayo, na namba ya akaunti ya benki. Uchunguzi wa afya nao, ambao Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inautaka ufanyike kabla mtu hajapangiwa kazi, usiuache hadi Jumatatu.

Pili, kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mwajiriwa, anapoanza kazi, maelezo ya maandishi yanayotaja kazi yake, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi na ujira pamoja na namna unavyokokotolewa. Kama mwajiriwa haelewi kilichoandikwa, ni wajibu wa mwajiri kuhakikisha anaelezwa kwa namna anayoielewa. Kwa hiyo mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza, anaosukumiwa kijana na kuonyeshwa pa kusaini, haujatimiza wajibu huo. Keti naye. Mwonyeshe kwa hesabu mshahara wake wa mwezi, makato ya NSSF, ambayo kwa upande wa mwajiriwa hayazidi asilimia 10, na kiasi kitakachoingia mkononi. Nimeona ugomvi mwingi ukizaliwa mwisho wa mwezi wa kwanza kwa sababu tu mtu alitajiwa mshahara kabla ya makato na hakuna aliyemfafanulia.

Mwajiriwa wa mwaka jana

Naomba niseme kwa upande wa yule anayepokewa. Nilipoanza kazi yangu ya sasa nilifika saa moja na robo asubuhi, na mlinzi wa getini hakuwa na jina langu. Alinitaka nikae kwenye benchi lililoko nje, na nilikaa pale hadi saa nne, huku kila anayeingia akinitazama kama mtu aliyekuja kudai deni. Mkataba mzuri niliopewa baadaye haukufuta saa zile tatu. Tafadhali, mwachie mlinzi karatasi yenye majina matatu na jina la mtu atakayekwenda kuwachukua getini.

Jambo jingine ni chakula cha mchana. Mgeni hajui kama chakula kinatolewa na kiwanda, kama kuna mama lishe jirani, wala kama anaruhusiwa kutoka, na wengi huona haya kuuliza. Mimi nilishinda na njaa siku nzima.

Fundi mitambo

Wachangiaji wamesema vyema, lakini kwa vijana wawili wa kwenye mashine naona jambo zito halijaguswa. Watu hupenda kusema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini viwandani kwetu jembe hutolewa saa ya kwanza, na jembe lenyewe linazunguka.

Mashine ya kukamua alizeti hukaba mara kwa mara pale mbegu zinapoingia, hasa zikiwa na vijiti au unyevu, na mtu mgeni akiona zimekwama, mkono wake hutangulia kabla hajafikiri. Kwa hiyo somo la kwanza liwe swichi ya kuzimia. Usimwonyeshe kwa kidole tu: mwambie aizime yeye mwenyewe, aiwashe, aizime tena, hadi mkono wake uijue ilipo. Kisha mwonyeshe mkanda unaoendesha mashine na kinga yake, na umweleze kwamba kinga ikiwa imefunguliwa mashine haiwashwi, hata kama ni msimamizi anayeamuru. Mashati yenye mikono mipana, mitandio inayoning'inia na pete vivuliwe kabla ya kuingia. Mwonyeshe pia sakafu iliyomwagikiwa mafuta na mahali yanapokaa maranda ya kunyunyizia, kwa kuwa wengi wetu tumeumia kwa kuteleza.

Siku hiyo ya kwanza wasiendeshe mashine. Wasimame na fundi mmoja aliyetajwa kwa jina, waifuate alizeti tangu inaposafishwa hadi mafuta yanapochujwa, na jioni kila mmoja amweleze fundi huyo alichokiona. Hapo utajua nani ameelewa na nani ameitikia tu.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana. Nimezungumza na mlinzi, na fundi wetu wa zamani amekubali kuwachukua vijana wawili. Linalonitatiza ni binti wa stoo, kwa kuwa stoo haina mtu mwingine wa kudumu wa kumwelekeza.

Afisa utumishi mstaafu

Basi mwelekeze wewe mwenyewe, na safari ya benki iahirishwe hadi Jumanne. Mzigo wa kwanza utakaoingia Jumatatu upimeni pamoja: yeye asome mizani, wewe uandike kwenye daftari, mzigo wa pili mbadilishane. Kabla hajaondoka jioni, mkabidhi ufunguo wa stoo kwa maandishi, nyote wawili mkiwa mmesaini idadi ya magunia yaliyomo.

Mwanzisha mada

Nimeelewa, mzee wangu. Jumatatu nitakuwa getini saa moja kasorobo.