Mafundi, plagi ikilowa ndiyo mnauzia watu kabureta nzima?

Wakuu, nimekasirika na leo sifichi.

Natembeza bodaboda ya mkataba, pikipiki ya cc 125. Jumatatu alfajiri napiga kiki, haiwaki. Nikavuta choki, nikapiga mpaka goti likauma, harufu ya petroli imenijaa puani. Nikaisukuma hadi kwa fundi. Plagi hakuigusa! Kachukua bisibisi, kaanza kuzungusha skrubu ya hewa ya kabureta, mara ndani mara nje, bila hata kuhesabu raundi. Baada ya saa nzima ananiambia, "Braza, kabureta imekufa," yaani kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Mpya elfu 45, ufundi elfu 10. Nikatoa, maana hesabu ya tajiri haingoji.

Bahati nilidai ile ya zamani. Nyumbani nikafungua bakuli lake la chini: chembe ya mchanga imekaa pale sindano ya boya inapoziba njia ya mafuta. Basi! Sindano haifungi, mafuta hayakatiki, kabureta inafurika, injini inalowa. Nikasafisha, nikaifunga tena kwenye pikipiki, kiki ya pili ikawaka.

Injini iliyolowa haitaki kabureta mpya. Funga koki ya mafuta, rudisha choki, shikilia resi mpaka mwisho, piga kiki kama mara kumi, hewa iikaushe. Ikigoma, zima swichi, toa plagi uikaushe, piga kiki chache tundu likiwa wazi ili petroli itoke, na asiwepo mtu wa sigara hapo karibu. Halafu nusa oili kwenye kijiti. Ikinuka petroli, mwaga, weka nyingine, maana oili iliyochanganyika na petroli inakuwa nyepesi na injini inasagika. Hili fundi wangu hata hakulitaja, na ndilo lingeniua kabisa.

Na hiyo skrubu ya hewa iacheni! Haizuii kabureta kufurika. Inaguswa injini ikiwa imeshapata moto, boya na sindano vikiwa vizima. Unaifunga taratibu mpaka iguse mwisho, usiikaze, kisha unafungua raundi moja na nusu hivi. Hapo unaenda robo robo huku unasikiliza, mlio ukipanda na kutulia umefika, ndipo unashusha sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kuvuta resi. Mimi niliikuta imefunguliwa raundi nne na zaidi, imebaki kidogo idondoke. Ilibidi niipange upya, na siku ya pili plagi ikatoka na rangi ya kahawia, siyo nyeusi tii kama alivyoniachia.

Siku mbili sijaingiza kitu. Nimemrudishia kabureta yake, haina hata mkwaruzo, anasema kilichouzwa hakirudi. Elfu 45 ya watu! Kuna aliyewahi kudai hela ya namna hii akalipwa? Alianzia wapi, serikali ya mtaa au polisi?