Mdundo wa "Funky Drummer": James Brown alistahili kula peke yake?

Wakuu, habari za jioni.

Wiki nzima nasikiliza James Brown, yule mwimbaji wa funk wa Marekani, na kuna jambo linanikera. Novemba 1969, studio mjini Cincinnati, bendi ilinyamaza na mpiga dramu Clyde Stubblefield akaachiwa sekunde kama 20 za peke yake. Wimbo huo, "Funky Drummer", ukatoka 1970. Baadaye wana hiphopu wakakikata kile kipande wakakijengea nyimbo mamia. Kundi la rap la Public Enemy limo, 1989. Mtunzi aliyeandikwa ni mmoja tu, Brown. Stubblefield amefariki 2017 bila kuonja mrabaha wa maana wa mdundo ule.

Sheria inahesabu maneno na melodi. Dramu ni kibarua, umelipwa siku ile, nenda nyumbani. Sasa toeni dramu kwenye wimbo ule, kinabaki nini? Mzee anaguna tu!

— Mkuu, unamwonea. Brown kazaliwa 1933 kwenye kibanda South Carolina, kalelewa kwenye danguro la shangazi yake mjini Augusta, Georgia, kafungwa akiwa kijana. Mwaka 1962 bosi wa King Records, kampuni iliyotoa rekodi zake, alikataa kugharamia rekodi ya onyesho la ukumbi wa Apollo, New York, Brown akatoa hela zake mfukoni. Albamu ikafika namba 2 Marekani. Ingebuma, angelia na nani? Halafu si kweli kwamba alikula peke yake siku zote: "Cold Sweat" ya 1967 ina jina la Pee Wee Ellis.

— Ellis alikuwa msaksafoni anayejua kuandika nota, ndiyo maana. Mpiga dramu anaandika nini? Na usisahau faini za Brown kwa bendi: ukikosea nota, unakatwa, kiatu hakijang'aa, unakatwa. Machi 1970 bendi ilipodai hela, Brown akatuma ndege imlete mpiga besi Bootsy Collins, dogo wa miaka 18, na wenzake. Onyesho likaendelea. Kama karibu bendi nzima inabadilishwa usiku mmoja, muziki ni wa nani?

Mleta mada narudi. Hapo umenibana kidogo, nakiri. Lakini sikiliza "Sex Machine" ya mwaka huohuo: besi ndiyo inayokokota wimbo, mambo si yaleyale tena. Walibadilika watu, muziki nao ukabadilika. Na aliyeupa "Funky Drummer" jina ni Brown mwenyewe, anasikika mle ndani akilitamka. Jina la mpiga dramu, hela za mwimbaji.