Lubumbashi: nimelipia intaneti ya nyumba, sasa wanataka pesa kwa kila mashini

Wandugu wa Lubumbashi, na nyinyi wa Likasi na Kolwezi mnaouziwa huduma hiihii, someni mpaka mwisho kwa sababu pesa inayozungumzwa hapa ni yenu pia.

Kuna kampuni ya intaneti hapa mjini, jina lake silitaji, inayotoza watu kwa kuhesabu kompyuta zilizo ndani ya nyumba. Forfe, yaani kifurushi, ya mwezi ni dola 60 kwa kasi ya megabiti 10. Juu yake wanaongeza dola 15 kwa kila mashini baada ya ile ya kwanza. Mwenye mashini tano analipa dola 120, na kasi inabaki megabiti 10 zilezile, kwa antena ileile iliyo juu ya paa lilelile. Huu ni wizi. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu wanategemea kwamba mteja akisikia maneno ya kitekniki atanyamaza na kulipa.

Nakaa Bel-Air, komini ya Kampemba. Kazi yangu ni kutunza hesabu za makampuni madogo, naifanyia nyumbani. Mke wangu ni mwalimu. Mtoto mkubwa anasoma UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, wadogo wawili wa sekondari wanagawana mashini moja, na mdogo wangu ni deklara wa forodha, mafaili yake yote ni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na hayasubiri kesho. Mashini tano, zote za kazi na za masomo. Hii si siber, duka la kukodisha intaneti. Hatuuzii mtu dakika.

Fundi alipokuja alipanda juu, akafunga antena, akashusha waya mpaka sebuleni na kuuchomeka moja kwa moja kwenye mashini yangu. Akasoma kitu kwenye skrini, akakiandika kwenye simu yake, akakituma ofisini. Nikamwuliza: na hizi zingine?

"Papa, hii koneksio iko ya mashini moja. Mukitia ingine, sistemi itakata."

Nikamwambia, petit, mkataba niliosaini unasema intaneti ya makazi isiyo na kikomo. Wapi umeona mashini moja?

"Njo vile tunatumikaka, Papa. Mwende ku biro."

Simlaumu yule kijana, anatumwa. Lakini ku biro nikakuta maneno yaleyale, na huko wanaoyasema wanajua wanachofanya.

Alichokiandika fundi ni anwani ya MAC. Kila kadi ya mtandao inatoka kiwandani na namba yake, biti 48, inayoandikwa kwa herufi na tarakimu 12. Sita za mwanzo zinamtambulisha aliyeitengeneza, sita za mwisho ni za kadi yenyewe. Kampuni inaisajili namba hiyo kwenye mitambo yake na kukataa kadi nyingine yoyote itakayochomekwa kwenye ule waya. Hicho ndicho kinachoitwa "sistemi itakata". Haikati kwa sababu mtandao umeshindwa kubeba, inakata kwa sababu kuna mtu ameiamuru ikate. Jirani yangu kadi yake iliungua kwa kuran, yaani umeme, inayopanda na kushuka, akanunua nyingine, wakamtoza ada ya "kubadilisha mashini". Kazi yenyewe ni kufuta namba moja na kuandika nyingine!

Pale ofisini nilipewa sababu tatu.

Ya kwanza, kwamba mashini nyingi zinachosha mtandao. Hapana. Koneksio yangu imefungwa kwenye megabiti 10 kwa sekunde, na wao ndio walioifunga hapo. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo megabiti 10 ni kama megabaiti 1.25 kwa sekunde, zikiwa mashini mbili au ishirini. Mashini moja inayoshusha filamu inaimaliza kasi yote peke yake. Mashini tano zinazofungua barua pepe hazifiki hata robo. Mashini zikiongezeka, wanaogawana kidogo kilichopo ni sisi ndani ya nyumba. Kampuni haitoi hata biti moja zaidi. Ukinunua mfuko wa bunga (unga) wa kilo 25, muuzaji hana haki ya kuuliza bukari (ugali) italiwa na watu wangapi ndipo aongeze bei.

Ya pili, kwamba kila mashini inahitaji anwani yake ya intaneti (IP) kutoka kwao, si ile ya MAC ya kiwandani. Hii ndiyo iliyonipandisha hasira kuliko zote. Anwani za IPv4, aina ya zamani inayotumika bado, ni kama bilioni 4.3 duniani kote, zilishaonekana hazitatosha tangu miaka ya 1990. Ndiyo maana mwaka 1994 ulitangazwa utaratibu wa NAT: ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti ndani ya nyumba, inakaa mlangoni na anwani moja upande wa nje, ndani inagawa anwani zake yenyewe na kukumbuka jibu lipi ni la nani. Mwaka 1996 mafungu ya anwani yakatengwa rasmi kwa matumizi ya ndani, zile 192.168 mnazoziona kwenye kila ruta zimetoka humo. Hakuna anayeziuza. Ruta yako inaweza kuzigawa kwa zaidi ya mashini mia mbili na kampuni isipungukiwe na kitu.

Na wao wenyewe wanafanya hivyohivyo juu yetu. Ingia kwenye ukurasa wa ruta yako, tafuta anwani iliyopewa upande wa nje. Ikiwa inaanzia 100.64 mpaka 100.127, hilo ni fungu lililotengwa mwaka 2012 ili makampuni ya intaneti yaweze kuweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani. Yangu inaanza na 100.72. Maana yake anwani halisi ninayotokea nayo duniani nagawana na wateja wengine wa kampuni hii, pengine na wewe unayesoma. Wao wanaruhusiwa kuweka nyumba nyingi nyuma ya anwani moja bila kutupunguzia bei, lakini mimi nikiweka mashini tano nyuma ya anwani hiyo niliyogawiwa, nimekuwa mvunja mkataba. Kwa haki gani?

Ya tatu ni usalama, ati wajue nani anatumia. Wana nakala ya kitambulisho changu, wana sahihi yangu, wamepanda juu ya paa langu. Wananijua.

Sisi Wakongomani tumeshaona ada ya namna hii. Mnakumbuka RAM, ile ada ya kusajili simu? Kuanzia 2020 mtu alikatwa unite, yaani salio la simu, kwa sababu tu anamiliki simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ya 3G au 4G. Wananchi walilalamika, ikafika bungeni, na 2022 ikaondolewa. Hii ya mashini ni ndugu yake, tena kubwa kuliko yeye, maana dola 15 zinatoka kila mwezi.

Sasa nije kwenye waya, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa biashara yote.

Baada ya kuweka ruta, intaneti ikawa inaganda. Napiga simu, jibu ni moja: Papa, mashini ni nyingi, lipia nyongeza. Nikazima zote, nikaacha yangu tu kwa waya, bila Wi-Fi, nikaipigia antena ping, yaani ujumbe mfupi wa kupima kama inajibu. Hapo hakuna intaneti inayohusika kabisa. Ni mashini yangu, waya, na antena. Majibu mengine yanarudi, mengine yanapotea, tena yanapotea mengi zaidi mchana wa jua kali. Mashini ni moja. Wingi uko wapi?

Nikachukua kisu, nikakata kipande kidogo cha waya kilichobaki juu ya dari siku ya kufungwa. Ganda limeandikwa Cat6, daraja mojawapo la waya wa mtandao. Ndani nyuzi nane, nyekundu vizuri kama shaba. Nikaikwangua moja kwa ncha ya kisu: chini ya ule wekundu ni nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba. Nikaikunja mara chache kwa vidole, ikakatika kama kijiti kikavu. Waya wa Cat5e au Cat6 unatakiwa uwe shaba tupu. Alumini inapitisha umeme kwa kama asilimia 60 tu ya shaba, na huu waya haubebi data peke yake, ndio unaopandisha pia umeme wa kuwasha antena. Antena haipati nguvu ya kutosha, kwenye kichwa cha waya nyuzi zinalegea na kukatika, na ganda lenyewe ni la ndani ya nyumba, halikutengenezwa kukaa juani juu ya bati mwezi wa Oktoba.

Kwenye fakitire, yaani ankara, wameandika mita 40 za waya wa shaba. Hapa Lubumbashi! Malori ya shaba yanapita kwenda Kasumbalesa usiku na mchana, nchi hii ni ya pili duniani kwa kuzalisha shaba, na mtu wa Katanga anauziwa alumini iliyopakwa rangi kwa bei ya shaba, kisha koneksio ikiganda anaambiwa kosa ni watoto wake kuwa na kompyuta.

Nilinunua waya wa shaba kwa pesa yangu, wenye ganda jeusi la nje, tukaubadilisha na mdogo wangu. Tangu hapo ping kwa antena hairudi pungufu. Mashini zote tano zinafanya kazi pamoja. Megabiti 10 si nyingi, tunasubiriana kwa mafaili makubwa, lakini haigandi.

Kwa anayetaka kufanya hivi nyumbani kwake: kwanza dai nakala ya mkataba uusome mstari kwa mstari. Wangu hautaji popote idadi ya mashini wala hauzuii ruta, ndiyo maana nimeiweka bila woga. Ruta nyingi zina sehemu ya kunakili anwani ya MAC kwenye upande wa nje. Ukiandika pale namba ya ile mashini iliyosajiliwa, mitambo yao inaona kadi ileile. Mashini zinazokaa mahali pamoja zipe waya, ruta ya kawaida ina matundu manne, yakijaa ongeza swichi ndogo, kiboksi cha kuongeza matundu. Wi-Fi waachie laptopu na simu. Kwenye masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11, maana ndizo zisizoingiliana. 5 GHz ni ya kasi lakini kuta za matofali zinaimeza. Weka nenosiri refu na ulinzi wa WPA2 au WPA3, ili jirani asije akatumia kasi yako wakakwambia tena ni mashini nyingi. Na kwenye Windows washa ile alama ya koneksio yenye kipimo (metered), la sivyo maboresho yatajishusha mchana wakati wa kazi.

Wiki iliyopita wameleta barua: nilipe dola 60 za mashini nne, wasipozipata wanakata. Nimejibu kwa maandishi, wakapiga muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Nimewaomba kitu kimoja, waonyeshe kifungu cha mkataba kinachotaja idadi ya mashini. Bado hawajajibu. Wakikata, faili lote litaenda ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini: mkataba, fakitire ya shaba, picha za ule waya na matokeo ya ping.

NYONGEZA, kwa waliojibu hapo chini:

Ndugu aliyesema ninunue mega za simu nigawe kwa hotspot: mtu mmoja anayesoma ujumbe atafika nazo mbali. Watu sita wenye kazi na masomo wanamaliza forfe ya wiki kabla ya jioni. Nimeshafanya hesabu hiyo, mimi ni mtu wa hesabu.

Waliosema nihamie Starlink kwa kuwa ilipata leseni 2025: anayeweza na ahame. Ila mwenye mkataba wa mwaka mzima aliolipa mbele, na familia isiyoweza kununua vifaa vipya, bado wako mikononi mwa hawa watu, na fakitire zinaendelea kutoka.

Mama aliyeandika kutoka Katuba kwamba analipia mashini ya marehemu mume wake, ambayo haijawashwa tangu msiba, na kila akiomba iondolewe wanamwambia alete mashini yenyewe ofisini: Mama, pole sana. Usibebe mashini. Andika barua, peleka nakala mbili, wapige muhuri kwenye moja ubaki nayo. Ukinitumia ujumbe nitakusaidia kuiandika.

Wengine wote mnaolipa kwa kila mashini, wekeni hapa picha ya ukurasa wa mkataba unaotaja bei na ile ya fakitire. Funikeni jina, namba ya simu na namba ya mteja kabla ya kuweka. Semeni komini yenu, mnalipia mashini ngapi, na kama mna kipande cha waya kilichobaki, kikwangueni mseme rangi ya ndani.