Miaka 48, mhasibu, kila intavyuu naulizwa umri. Hii ni sheria?

Mama_Mbagala: Wadau habari zenu. Kampuni niliyokuwepo ilipunguza watu na mimi nikawemo, sasa natafuta kazi nyingine. Tally, ile programu ya uhasibu, naijua nje ndani, ritani za VAT nafaili mwenyewe, lakini kila nikiitwa ni yale yale. Juzi kijana wa HR kanipokea vizuri, shikamoo mama karibu mama, halafu badala ya kuuliza mambo ya kazi akaanza eti bosi wako ana miaka 30 utakubali akutume? Kompyuta unaiweza au vijana ndo walikuwa wanakufanyia? Nikamwambia nipe mashine hapa hapa nikuoneshe, akasema tutakupigia mama. Na tangazo lao limeandika mwisho miaka 45. Hivi wanaruhusiwa kweli?

Mtetezi_TZ: Pole sana mama. Hiyo 45 ni ya matangazo ya serikali kule Ajira Portal, mtandao wa kuombea kazi za serikali, na hata huko walioko kazini serikalini haiwahusu. Hesabu yake ni kwamba kustaafu kwa lazima ni 60 na pensheni inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Sasa kampuni binafsi inaikopi ya nini wakati wewe michango yako NSSF, mfuko wa pensheni, ipo toka zamani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7 inakataza ubaguzi wa umri na inamlinda hata mwombaji kazi. Nenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, usichelewe maana mwisho wa kupeleka lalamiko ni siku 60.

Dada_HR: Mi niko HR, niseme ukweli, wengi wanachoogopa ni mshahara, wanaona mwenye uzoefu atataka hela ndefu wakati kijana wa fildi, yaani wa mafunzo kazini, analipwa posho tu, kompyuta ni kisingizio. Taja kiwango chako mapema, na kwenye CV toa mwaka wa kuzaliwa.

Kaka_Stoo: Dada hapo sikubaliani, mwaka ataufichaje na vyeti vinao? Wabanwe waajiri. Kwetu TRA, watu wa kodi, walivyokuja kukagua, mzee wa stoo pekee ndo aliyejua risiti za EFD (zile mashine za risiti) za mwaka gani ziko boksi gani, vijana wote tulibaki tunaangaliana.

Mama_Mbagala: Asanteni sana wapendwa. Tangazo nimeshalipiga skrinshoti. CMA naenda na barua?

Mtetezi_TZ: Hapana mama, kuna fomu yao, CMA F1, utaipata pale pale ofisini. Ukishaijaza mpelekee kwanza mwajiri nakala na asaini kwamba kapokea, ndo urudishe kwao.