TANGA: Kioo kimevunjwa saa tano asubuhi, mtoza ushuru kapachika risiti kwenye waipa akaenda zake. Na nyie mnaonunua saiti mira za usiku leo mtanisikia

Wakuu habari za saa hizi. Mie huku huwa nasoma tu napita kimya kimya, ila leo mnivumilie, nina hasira na nitaandika ndefu, asiyependa ndefu aruke.

Kazi yangu kupiga picha za harusi na shughuli, hapahapa Tanga. Jumapili nilikuwa Pongwe kwenye harusi, picha elfu mbili na kitu, Jumatatu asubuhi nikapitia mjini kati maeneo ya benki nikalipie albamu za watu wengine. Nikapaki barabarani kabisa, jua kali, muuza kahawa yupo, baiskeli ndo usiseme, mnaijua Tanga yenu. Begi la kamera nikaliweka chini nyuma ya siti ya dereva nikalifunika na kanga ya mke wangu nikajiona mjanja kweli. Ndani nimekaa dakika 17 tu, nina uhakika kwa sababu kikaratasi cha foleni kina saa na nimetoka naangalia simu.

Narudi nakuta kioo cha mlango wa nyuma hakipo, chini pameng'aa kama mtu kamwaga chumvi ya mawe. Begi hakuna. Kanga ipo, imetupwa kwenye mtaro. Kamera, lenzi mbili, laptop, simu yangu ya pili, memori kadi zote za Jumapili pamoja na ile hard disk niliyohamishia picha usiku uleule nikisema asubuhi nitaweka kopi nyingine. Kopi zote mbili begi moja, najua, msinipigie kelele, nimeshajipigia mwenyewe wiki nzima.

Sasa sikilizeni kilichoniua. Kwenye waipa ya mbele nikakuta risiti ya ushuru wa maegesho, mbichi kabisa. Yaani yule bwana kaja, kasimama pembeni ya gari yenye kioo kimevunjwa, vipande viko mpaka miguuni kwake, kapiga namba ya gari kwenye kimashine chake, kachapa, kanyanyua waipa, kapachika, akaendelea na gari inayofuata. Nikamkuta gari ya nne mbele. Namwambia kaka hukuona? Ananijibu "mie nahusika na maegesho bosi, mali ya ndani ni yako". Nikamuuliza kelele hata moja hukuweza kupiga, muuza kahawa yuko hatua tano? Akasema alidhani ndo ilivyo. ALIDHANI NDO ILIVYO. Kwamba mimi naendesha gari isiyo na kioo, nimemwaga vioo kwa mkono wangu pale barabarani nikaenda benki.

Muuza kahawa naye anasema aliona kijana kashika begi, anatembea taratibu, akajua mwenye gari kamtuma. Ndo wanavyofanya sasa, hawakimbii. Ule msemo wetu wa Tanga wa waja leo waondoka leo umepata wenyewe, wanakuja leo wanaondoka leo na laptop yako begani.

Polisi nimeenda, RB (namba ya taarifa yangu) nimepata, sina neno nao kwa leo. Bima yangu ni ndogo, na bima ndogo inamlipa utakayemgonga wewe, ikija kwenye wizi wa kwako umekaa mwenyewe. Na wenye bima kubwa msinicheke, fungueni karatasi zenu msome, nyingi zitakulipa kioo lakini begi lililokuwa ndani ni mali binafsi, watakutazama tu.

Kwa mama wa bi harusi nilienda mwenyewe jioni, sikutaka kumwambia kwenye simu. Kanikaribisha, kaniwekea chai na boflo, nikaanza kueleza. Kanisikiliza mpaka mwisho hakusema kitu, akakusanya vikombe, anafika mlangoni akageuka, "mwanangu, sasa mie yule ntamuoza mara ngapi?" Akaingia ndani. Mpaka leo chai ile iko hapa kifuani.

Haya, tuje kwenye kuambizana. Kanga ndo iliyoniuza mie. Kitu kilichofunikwa ndani ya gari ni tangazo, mwizi anajua hakuna anayefunika hewa. Af kuna wenzangu mnasema tia buti. Buti lipi? Passo, IST, Vitz hizi, buti na siti ya nyuma ni chumba kimoja, ukivunja kioo cha nyuma unavuta kile kishikio siti inalala, begi hilo. Na ukifika ndo unashuka unahamisha vitu unavipeleka buti huku watu wanakutazama, si bora uwaite kabisa waje kukusaidia? Kama ni lazima, panga vitu ukiwa bado nyumbani, na ukifika irudishe gari nyuma kabisa mpaka buti liguse ukuta lisifunguke. Kilicho salama ni kimoja tu, shuka nacho. Hata kama ni kizito. Hata kama ni dakika mbili.

Vioo vyenyewe mjue, cha mbele ni tabaka mbili zina plastiki katikati, ukikigonga kinapasuka ila kinabaki palepale, vya pembeni vimetengenezwa vimwagike punje punje ili visikukate ajalini, kwa hiyo pigo moja la kitu kigumu chenye ncha kimeisha, na sauti yenyewe ndogo kuliko bodaboda inayopita. Kuna ile filamu ngumu inabandikwa kwa ndani, haizuii kuvunjwa ila punje zinashikana, mwizi inambidi asukume na kusukuma, na yeye hana huo muda. Nimeuliza bei nimenyamaza kwanza.

Kuna na hii ya rimoti. Jamaa yangu alipaki nje ya uwanja wa Mkwakwani siku Coastal Union wanacheza, kabonyeza rimoti kaenda zake kuwashangilia Wagosi, karudi milango haijalokiwa, hakuna kilichovunjwa, redio na miwani vimeenda. Kuna vijidude vinatoa mawimbi yanaimeza rimoti yako, unabonyeza gari haisikii. Dawa yake haina gharama, bonyeza, subiri taa zipepese na ule mlio wa kitasa, af vuta mlango kwa mkono. Vuta. Na Ijumaa ndo sokoni kwao, watu wanaacha simu na pochi ndani ya gari wanaingia msikitini, na mwizi anajua hotuba inaanza saa ngapi na utatoka saa ngapi kuliko wewe unayechelewa.

Lakini siyo hayo yaliyonileta. Sikiliza hii.

Jumanne nikapeleka gari kwa fundi nitafute kioo. Fundi kanambia kipya hutokipata hapa, ngoja nipige simu, kesho asubuhi nakuletea cha mtumba elfu 55. Asubuhi kweli kaja nacho kwenye kiroba. Nakigeuza kwenye mwanga naona pembeni chini kumesuguliwa na msasa, pameleta ukungu hivi, nikapangusa na mate. Herufi T na tarakimu mbili zinasomeka. Namba ya gari ya mtu. Mtu kama mie, kaenda kulipa kijana mwenye kimashine amchongee namba kwenye vioo na taa zote ili zisiuzike, na zimeuzika, na anayeuziwa ni mie niliyevunjiwa juzi.

Fundi anasema labda ni ya gari iliyochinjwa kihalali. Sawa, yawezekana, gari zinapata ajali zinauzwa vipande, nakubali. Ila ya halali unasugulia nini namba? Kakosa jibu, kasema tu "bosi wewe unataka kioo ama unataka kesi".

Sijakichukua. Mpaka naandika hapa mlango una nailoni na gundi ya karatasi, ikinyesha naloa bega.

Na msinione mtakatifu. 2021 niliibiwa saiti mira ya kushoto usiku nyumbani Chumbageni, kesho yake kuna mtu akanambia ipo ya elfu 25, dukani nimeambiwa zaidi ya mara tatu ya hapo, nikailipa gizani sikuuliza hata jina. Sasa hivi naikumbuka ile mira, ilikuwa na alama ya rangi nyekundu kwa chini. Yangu nayo ilikuwa na alama nyekundu. SIKUTAKA KUITAZAMA VIZURI. Nimewahi kununua kioo changu mwenyewe wakuu, namlipa mwizi wangu mshahara na ahsante nampa.

Ndo maana nasema nyie mnaonunua, sisi tunaonunua, pawa windo za gizani, kontroo boksi ya gizani, taa ya gizani, yule kijana hana gari, ile saiti mira anaipeleka wapi kama siyo kwako? Na sheria iko wazi, Kanuni ya Adhabu Sura ya 16 kifungu cha 311, kupokea mali ya wizi huku unajua au una sababu ya kuamini ni ya wizi ni kosa. Sasa namba iliyosuguliwa na msasa siyo sababu ya kuamini? Bei ya robo siyo sababu? Omba risiti, muulize fundi kaitoa kwa nani, akikasirika ushapata jibu.

NYONGEZA: Anayesema "kosa lako kuacha begi" kaka nimeshasema kwenye aya ya pili, soma. Mbona mtu akivunjiwa nyumba hatumwambii kosa lake kuwa na kabati.

NYONGEZA 2: Wanaouliza simu, boksi lake nilikuwa nalo, zile namba 15 za IMEI zipo nimezipeleka. Kama boksi umetupa, sasa hivi hapo ulipo bonyeza *#06# uziandike mahali ambapo siyo ndani ya simu hiyohiyo. Na kamera, hiki wengi hamkijui, picha nyingi za kamera zinabeba namba ya utambulisho ya kamera (serial number) ndani ya faili lake, mie nimeitoa kwenye picha za harusi ya mwaka jana nikaipeleka kituoni. Kwa hiyo ukiuziwa Canon maeneo haya bei ya kutupa, igeuze chini uisome namba, af nitumie ujumbe.

NYONGEZA 3: Na wewe uliyelichukua begi, najua mmoja wenu huku anasoma. Kamera kaa nayo. Laptop kaa nayo, herufi N haifanyi kazi utaiona mwenyewe. Kuna hard disk nyeusi ina gundi ya karatasi imeandikwa PONGWE kwa kalamu ya bluu, hiyo hautouza hata elfu kumi. Ifunge kwenye gazeti umwachie yule muuza kahawa, pale pale. Mie nitapita jioni kama nanunua kashata, sitamuuliza kaipata kwa nani.