Betri za 18650 zilizoandikwa 9900mAh: nitapimaje uwezo wake wa kweli nyumbani?

TaaYaUani

Habarini wakuu. Nina betri mbili za lithiamu za 18650 zilizokuja na tochi ya kuchaji. Lebo inasema 9900mAh (miliampea-saa, yaani kiasi cha chaji) 4.2V. Tochi inatumia betri moja moja, na kwenye mwanga mkubwa inavuta karibu ampea 1 (nimepima kwa multimita kwenye kifuniko cha nyuma). Kwa lebo hiyo ilitakiwa iwake zaidi ya saa tisa, lakini inazima baada ya dakika 40 na kidogo.

Vipimo vingine: urefu ni milimita 65, kipenyo 18, uzito kwa mizani ya jikoni gramu 31 na gramu 32. Nachajia kwa kile kisaketi kidogo cha kuchajia cha TP4056 cha ampea 1. Taa nyekundu inazimika na ya bluu kuwaka baada ya saa 1 na dakika 10.

Tochi ndiyo inakula chaji, au betri ndizo feki? Na kama ni betri, napimaje bila kununua mashine ya bei kubwa?

---

RezistaKumi

Mkuu, jibu liko kwenye vipimo vyako. Anza na chaja. TP4056 ya ampea 1 haitoi zaidi ya ampea 1 hata ikitaka. Kwa saa 1 na dakika 10 imeingiza si zaidi ya 1170mAh. Kwa kweli ni pungufu ya hapo, maana betri ikifika volti 4.2 mkondo unaanza kushuka taratibu hadi chaja ikate. Betri ya 9900mAh kwenye chaja hiyo ingekaa zaidi ya saa kumi. Kilichoingia ni kama debe moja, hakiwezi kutoka madebe tisa. Tochi yako haina kosa.

Sasa angalia uzito. Zidisha 9.9Ah (ndizo hizo 9900mAh) kwa volti 3.7 upate nishati ya wati-saa 36.6. Kwenye gramu 31 hiyo ni kama wati-saa 1180 kwa kilo. Betri bora za 18650 za viwanda vikubwa (Panasonic, Samsung, LG) zenye 3500mAh zina uzito wa gramu 47 hadi 49, na zinatoa takribani wati-saa 260 kwa kilo. Kwa hiyo lebo yako inadai kemia inayozidi iliyo bora mara nne na nusu. Haipo.

Kwenye umbo la 18650 nafasi ni ileile kwa kila mtengenezaji: kopo la milimita 18 kwa 65, ndani yake karatasi ya shaba, karatasi ya alumini, na unga uliopakwa juu yake, vyote vimeviringishwa kama mkeka. Ukitaka chaji zaidi lazima uongeze unga, na unga una uzito. Ndiyo maana kwa miaka mingi kikomo kimekuwa 3500 hadi 3600mAh, na hata matoleo mapya kabisa yanaishia karibu na 4000. Ukiona 5000, 6800, 9900 au 12000 kwenye 18650, rudisha kwenye rafu. Huhitaji kupima kitu.

Na hilo neno 4.2V kwenye lebo ni dalili nyingine. Volti 4.2 ni pale betri imejaa. Mtengenezaji anayejua kazi yake huandika 3.6V au 3.7V.

---

NailoniYaBluu

Naongezea hapo kwenye uzito, kwa sababu watu hulishika vibaya. Uzito unakupa dari tu. Betri nzuri kabisa inabeba kama 73mAh kwa kila gramu, kwa hiyo gramu 31 haziwezi kuvuka 2260mAh hata mambo yakienda vizuri namna gani. Lakini gramu 46 hazithibitishi kwamba betri ni nzima.

Kuna aina mbili za feki na zinadanganya kwa njia tofauti. Ya kwanza ni nyepesi kama yako. Ndani ya kopo kuna betri ndogo, na nafasi iliyobaki ni tupu au imejazwa unga mweupe. Wengine hutia mchanga ili mkono uhisi uzito, basi hapo mizani inapitwa.

Ya pili ni betri ya kweli iliyochoka. Imebanduliwa kwenye betri ya laptop iliyokufa, ikavuliwa nailoni yake (ganda la plastiki la nje), ikavalishwa nailoni mpya yenye namba kubwa. Hii ina gramu 44 au 45 kamili, ilizaliwa na 2200mAh, sasa imebaki na 900. Angalia upande wa chanya: mara nyingi wameongeza kofia ndogo ya bati iliyolehemiwa kwa nukta, na urefu unatoka 65 kwenda kama 66 au 67. Kofia peke yake si kosa, kwa sababu betri halali zenye saketi ya ulinzi nazo zina kofia na zinafika 69 au 70. Ila ukiona alama za nukta za zamani upande wa hasi, yaani makovu madogo yaliyosuguliwa kwa msasa, hiyo imeshafanya kazi kwingine.

Usiivue nailoni ili uone kilichoandikwa chini. Kopo lote ni hasi, mpaka kwenye ukingo wa juu kabisa. Chanya ni kile kitufe cha katikati tu, na kinachovitenga ni pete nyembamba ya plastiki. Nailoni ikichanika pale juu, chuma chochote cha tochi kinapiga shoti.

---

SaketiNyeupe

Ndugu TaaYaUani, kupima ni rahisi. Tafuta rezista moja ya omu 10, wati 5 (ile nyeupe ya mraba), kishikio cha betri moja, multimita na saa ya simu.

Kwa nini omu 10: betri ikiwa na volti 4.2 inapita ampea 0.42, ikishuka mpaka 3.0 inapita 0.30. Wastani ni kama ampea 0.36. Joto kwenye rezista halifiki wati 2, kwa hiyo ya wati 5 inatosha, ila itakuwa moto wa kutosha kuunguza kidole. Iweke juu ya kigae au kipande cha tofali, isiguse plastiki. Wengine huchukua omu 2 ili wamalize haraka. Betri dhaifu ikivutwa ampea 2 volti zinaanguka mapema na unapata namba ndogo kuliko haki yake, kisha mnaanza kubishana na muuzaji kwa kipimo kibovu.

Chaji mpaka taa ya bluu, acha ipoe nusu saa, soma volti ikiwa haina mzigo. Unganisha rezista, soma tena baada ya sekunde kumi. Halafu andika volti kila baada ya dakika 30, na ikifika 3.5 soma kila dakika 5 kwa sababu mwishoni inaporomoka ghafla. Ikigusa 3.0 chomoa papo hapo. Usiende kulala na kuiacha, maana feki nyingi hazina saketi ya kukata, na rezista itaendelea kuinyonya mpaka sifuri.

Volti usome kwenye miguu ya rezista, si kwenye ncha za betri. Vishikio vya bei rahisi vina springi inayopoteza volti, na unachotaka kujua ni mkondo unaopita kwenye rezista. Kisha kwa kila kipindi: wastani wa volti, gawanya kwa 10, zidisha kwa saa. Jumlisha vipindi vyote. Rezista hizi zinaweza kukosea asilimia 5, kwa hiyo ipime kwanza kwa multimita na utumie namba yake halisi.

Na tafadhali usilehemu waya moja kwa moja kwenye betri. Joto la kisu cha kulehemu linaharibu ile pete ya plastiki.

---

TaaYaUani

Asanteni sana. Nimeifanyia ile ya gramu 31. Rezista imesoma omu 10.0. Bila mzigo 4.18, na mzigo 4.12. Dakika 30: 3.86. Saa 1: 3.70. Saa 1 na nusu: 3.58. Saa 2: 3.41. Saa 2 na dakika 15: 3.04, nikachomoa. Hesabu yangu inatoa 826mAh. Nimekosea mahali?

---

RezistaKumi

Hujakosea. 826mAh, na wati-saa kama 3.0 badala ya 36.6. Ni asilimia 8 na kidogo ya lebo. Gawanya 826 kwa ampea 1 ya tochi unapata dakika 50, na tochi haisubiri betri iishe kabisa, inazima kabla. Zile dakika 40 zako zimepata maelezo.

Tena vipimo vyako vimetoa kitu kingine bure. Volti zimeshuka kutoka 4.18 hadi 4.12 mzigo ulipoingia, yaani 0.06, kwa mkondo wa ampea 0.41. Ukigawanya unapata kama miliomu 146 za ukinzani wa ndani, springi ya kishikio ikiwemo. Betri mpya nzuri iko kati ya miliomu 20 na 70. Ndiyo maana kwenye tochi ya ampea 1 mwanga unafifia mapema.

---

MtoWaSola

Naomba kuuliza hapohapo. Nina pawabenki ya 20000mAh, nimeipima kwa kile kipimo cha USB, imetoa 12700mAh. Nayo ni feki?

---

SaketiNyeupe

Hapana, hiyo ni mali safi. Wengi wanawaonea wauzaji waaminifu hapa. Zile 20000 zinahesabiwa kwenye betri za ndani, zenye volti 3.7. Ni wati-saa 74. Kipimo chako kinahesabu upande wa volti 5. Gawanya 74 kwa 5 unapata 14800mAh, halafu saketi ya kupandisha volti inakula asilimia 10 hadi 15 kama joto. Kinachobaki ni kati ya 12600 na 13300. Pawabenki nzuri huandika namba hii ya pili kwa maandishi madogo mgongoni, ikitaja 5V. Linganisha wati-saa kwa wati-saa, achana na mAh za volti tofauti.

Ukitaka kuthibitisha, tumia mzigo wa kudumu wa USB wa ampea 1. Usitumie simu: inapunguza mkondo ikikaribia kujaa. Mzigo mdogo sana nao haufai, pawabenki nyingi zinajizima zikidhani hakuna kilichochomekwa.

Feki za pawabenki zinakamatwa na mizani ileile. Ikidai 50000mAh, hizo ni wati-saa 185. Betri zake peke yake, bila gamba, zingevuka gramu 700. Kama yote kwa pamoja ina gramu 300, umeshajua. Na kwa sheria za usafiri wa anga, wati-saa 100 unapanda nazo, kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa kwa shirika la ndege, zaidi ya 160 huruhusiwi. Kwa hiyo yule anayekuuzia 50000 "ya safari" anakuuzia kitu ambacho, kama lebo ingekuwa kweli, kingeishia uwanja wa ndege.

---

TaaYaUani

Nimeelewa. Sasa hizi mbili nizifanyie nini? Nilifikiri kuziweka pamoja kwenye redio inayotumia betri mbili.

---

NailoniYaBluu

Kwanza angalia redio imeziunganishaje. Kama ni sirizi, yaani zimefuatana na kutoa volti 7.4, usithubutu. Betri mbili zisizolingana kwenye sirizi: dhaifu inaisha kwanza, na mwenzake anaendelea kusukuma mkondo ndani yake mpaka inapita chini ya sifuri na kugeuka nguzo. Betri iliyoshuka sana hivyo, shaba ya ndani inaanza kuyeyuka, na ukiichaji tena ile shaba inaganda mahali pasipotakiwa na kutengeneza shoti ndani kwa ndani. Hapo ndipo zinapowaka moto, na huwa ni wakati wa kuchaji. Kwa sababu hiyohiyo, betri uliyoikuta chini ya volti 2 usiifufue kwa chaja yoyote.

Redio nyingi ndogo zimeziweka paraleli, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Hapo ungeweza kama zinalingana, lakini ile ya pili hujaipima.

Kwangu mimi, betri ambayo mtengenezaji wake amethubutu kuzidisha namba mara kumi na mbili, sina sababu ya kuamini kwamba ameweka ndani ya kopo kile kifaa cha kukata mkondo shinikizo likipanda. Nyumbani kwenye watoto nisingeiacha ikichajiwa. Ishushe mpaka 3.0 kwa rezista yako, funika ncha zote mbili kwa tepu ya umeme, na uwapelekee wanaokusanya taka za kielektroniki. Usiitupe jalalani wala kwenye moto.

Za kununua: tafuta iliyoandikwa kati ya 2500 na 3500mAh, na uende na mizani mfukoni. Jina lenyewe linasaidia. Samsung 25R ni 2500, 30Q ni 3000, 35E ni 3500, LG MJ1 ni 3500. Majina haya nayo yanaigwa, kwa hiyo ikiwa chini ya gramu 43, usiichukue. Ikipita mizani, nenda nyumbani, rezista ileile ya omu 10: ya 3000mAh lazima ikae zaidi ya saa saba na nusu kabla ya kugusa 3.0.