Yule jamaa wa mashine ya kusaga leo kanivua nguo mbele za watu

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Herufi zikirukaruka msinisahihishe.

Yule jamaa wa mashine. Wa Dodoma mnamjua, simtaji: kofia ya sufu jua la saa saba, unga mpaka kwenye kope, sauti akikohoa mjini wanageuka Hombolo. Nimempelekea madebe mawili ya mahindi ya kuku. Nikamwambia kistaarabu kabisa, "Kaka, naomba uniparazie," yaani asage ziishie chenga, si unga. Akazima mashine. AKAZIMA, wakuu, ili kila mtu asikie. Halafu: "Dada, kwani kuku wako wana meno?"

Foleni yote chini. Kuna bibi pale hana jino hata moja la kuazima, naye kacheka mpaka kashikilia nguzo.

Kuku hana meno, ndiyo, nani kabisha? Ana firigisi! Anadonoa na vikokoto, humo ndani chenga zinasagika zenyewe. Ukimpa unga laini ukipata maji unamganda mdomoni, ukiwa mkavu anautawanya akitafuta cha kudonoa, na kwa upepo wetu huu wa kiangazi nusu ya chakula inaliwa na kuku wa jirani. Kazi yenyewe ni kufungua mfuniko, kutoa chekeche la matundu madogo, kuweka la matundu makubwa. Uvivu tu! Badala ya kufungua bolti kafungua mdomo. "Kuku wako wana meno?" Mbele ya mwalimu wa mwanangu!

Halafu kasaga DONA. Laini kama poda ya mtoto. Na hela kachukua yote.

Meno, jamani. Meno!

Mbukwenyi: Pole dada ila nimecheka mpaka bosi kaniuliza kuna nini. Huyo huyo alishamwambia mama mkwe wangu alete mtama usio na mawe "maana hapa si kiwanda cha kokoto."

Bolti Tatu: Mimi nina mashine, tusidanganyane. Watu kumi wanasubiri unga wa ugali, wewe una videbe viwili unataka nibadili chekeche, nikimaliza nilirudishe? Njoo jioni, au leta gunia.

Mleta uzi: @Bolti Tatu basi si angesema HIVYO? "Dada njoo jioni." Maneno matatu. Meno yanaingiaje?

Bolti Tatu: Kuku wangapi kwanza?

Mleta uzi: Hilo halihusiani.

Mzee wa Kizota: Wako watatu hao, nawajua hawa wafugaji wa mtandaoni.

Mpwani Ugenini: Kwetu pwani hilo neno ni kupaaza: kusaga nafaka ikaishia chenga, isifike unga. Kukoboa ni kutoa ganda, kupukuchua ni kutoa punje kwenye gunzi. Nyie wa bara mkisema "paraza" mwenzenu atajuaje?

Mbukwenyi: Kwa hiyo dada kaenda kupaaza mahindi, kaishia kupaaza sauti 😂😂

Mzee wa Kizota: Uzi ufungwe, mshindi kapatikana.

Mleta uzi: Nyie mnacheka. Bibi asiye na meno alikuwa anacheka MENO. Hamjaishi.

Sahani Moja: Afadhali wewe unazitafuta chenga. Mimi nimeuziwa mchele "gredi ya kwanza", juu ya gunia punje ndefu zimelala kwa mstari. Nimezamisha mkono chini: chenga tupu. Nikipika wali unakuwa bokoboko. Yule muuzaji mnamjua, anakuitaga "mteja wangu wa damu."

Mpwani Ugenini: Ulinunuaje bila kuzamisha mkono kwanza?

Sahani Moja: Aliniwekea kiti na soda!

Shamba Kongwa: Na mbolea je? Nilitaka ya chengachenga, duka likanipa ya unga. Nimerusha, upepo ukairudisha usoni. Shamba halijapata kitu, ndevu zimestawi.

Uwele Kwanza: Mchele, mchele, Dodoma hii? Mngelima mtama na uwele mngekuwa na amani.

Shamba Kongwa: Amani na kwelea kwelea? Msimu uliopita walishuka mtama ukiwa bado maziwa, punje haijakaza, ukiifinya inatoa ute mweupe. Kufika jioni masuke yamebaki vijiti. Na jirani aliyeahidi kuamia ndege upande wake alikuwa amelala chini ya mbuyu, debe la kupigia kaliweka kichwani kama mto.

Bolti Tatu: Huyo jirani namjua mimi. Panga langu analo tangu masika.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye kuparaza.

Sahani Moja: Kwelea kwelea si wanaliwa lakini? Kondoa wanawatega kwa nyavu, wanawakaanga, unatafuna na mifupa.

Mzee wa Kizota: Nani anauza hapa mjini? Nawataka wakavu, wenye chumvi ya kutosha.

Uwele Kwanza: Wa mwisho nilionunua walikuwa hawajanyonyolewa vizuri. Muuzaji mnamjua, ana baiskeli nyekundu.

Mzee wa Kizota: Njoo faragha unipe namba yake.